Kaske ya Maestro

Wauza simu wa Birere hawakumpenda. Wakimwona anashuka kwenye pikipiki, koti lake la kijivu limefungwa hadi shingoni na mfuko wa nailoni uko kwapani, walianza kuambiana kutoka meza moja hadi nyingine: "Muzee ya masikio yuko anakuja. Mufiche kaske." Naye aliwasikia, maana wakati huo alikuwa bado anasikia kila kitu, na aliwasalimia mmoja mmoja kana kwamba hawakusema neno.

Kaske ndilo jina letu hapa Goma la kile kifaa cha kusikilizia kinachofunika masikio yote mawili, chenye upinde juu ya kichwa. Wengine wanakinunua ili wasikie muziki njiani. Yeye alikinunua kama fundi anavyonunua msumeno.

Kwenye simu yake ya zamani aliweka wimbo mmoja tu, wimbo wa kanisani aliourekodi mwenyewe. Katika ubeti wa tatu, nyuma kabisa ya kwaya, kuna mtoto anakohoa mara mbili. Alichomeka waya, akavaa kaske ya mfanyabiashara, akafunga macho na kungoja ubeti wa tatu. Wateja walipanga foleni nyuma yake.

"Muzee, uko unanunua ao uko unalala?"

"Niko natafuta mutoto."

"Mutoto wa nani?"

"Sijue ni wa nani. Anakohoaka. Mu kaske yako hamuko."

Aliivua, akaifuta kwa kitambaa chake, akairudisha ndani ya boksi vizuri kuliko ilivyokuwa, kisha akaenda meza ya pili. Siku nyingine alizunguka meza zote na kurudi mtaani kwetu Keshero mikono mitupu, amefurahi kabisa.

Nilimsindikiza Birere mara nne. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani, nyumba ya tatu kutoka kwake, na nilikuwa mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya yake. Nitasema mapema kwa nini namwandika. Mke wangu, Espérance, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Aline, aliimba wimbo mmoja akiongoza, mara moja tu maishani mwake, na wimbo huo ulitengenezwa katika chumba cha mtu huyu. Mke wangu sasa yuko makaburini. Sauti yake ilibaki mikononi mwa Maestro, na mikononi mwake ikaharibika, nami nilikuwepo ikiharibika, nikanyamaza.

Tulimwita Maestro kwa sababu ndivyo tunavyowaita viongozi wote wa kwaya. Lakini Keshero ukisema Maestro bila kutaja kwaya, watu walijua ni yeye.

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba ya mbao, juu ya mawe meusi. Kutani alipigilia magodoro ya zamani na trei za mayai, na juu, chini ya mabati, alitandika mablanketi matatu ili mvua isiingie ndani ya nyimbo. Humo mlikuwa na kompyuta, kinanda, mikro mbili za kunasia sauti, na misumari miwili ya kutundikia kaske. Msumari wa kwanza ulikuwa wa kaske iliyoziba, ya waimbaji. Wakati wa kurekodi, mwimbaji anasikiliza ngoma kwenye kaske hiyo, na kwa kuwa imeziba, ngoma haivuji ikarudi ndani ya mikro. Msumari wa pili ulikuwa wa kaske yake mwenyewe, yenye matundu mgongoni, ambayo alichanganyia nyimbo. Hiyo hakuna aliyeigusa. Alisema kaske iliyoziba inakufungia chumbani pamoja na sauti yako, baada ya saa moja mnaanza kupendana, na mtu hawezi kumhukumu anayempenda.

Ubaya wa matundu ni kwamba Keshero nzima iliingia: pikipiki, mchomeleaji vyuma wa ng'ambo, akina mama wanaogombania bomba. Kwa hiyo alifanya kazi kwa vipande. Mchomeleaji akienda kula, Maestro alikimbilia kaske. Umeme ukikatika wakati uleule, alitoka nje akasimama mlangoni, na sisi tulijua tusimsalimie.

Kaske yenye besi kubwa hakuitaka hata kwa zawadi. Vijana walizipenda hizo, zinazofanya ngoma ipige tumboni. Aliziita kaske za kusifu. "Hii inakusifu," aliniambia siku moja Birere, akiwa ameivaa na kutabasamu kwa uchungu. "Sikiliza namna inakusifu. Utafikiri uko mutu wa maana. Halafu wimbo utatoka, utaenda kwa bafle ya kilio, na kila mutu atasikia kama ni uchafu." Bafle ni zile spika kubwa tunazokodi kwa kilio, yaani msibani.

Mpiga kinanda wetu alileta siku moja kaske isiyo na waya, ya bei kubwa, aliyoagiza mbali. Maestro aliivaa, akagonga kinanda mara moja, akaivua.

"Sauti inachelewa."

"Kidogo sana, Maestro. Mutu hawezi kusikia."

"Ni kama mutu unamusalimia leo, anakuitika kesho. Mutu vile hatuimbe naye."

Tulicheka. Mpiga kinanda hakucheka, na nadhani hakusamehe.

Maana Maestro alikuwa na ulimi mbaya. Nisimpambe kwa kuwa namlilia. Mama mmoja mzee aliyetoa viti kwa kwaya aliomba kusimama mbele ya mikro. Maestro akamwambia mbele ya watu wote: "Mama, Mungu anasikiaka moyo. Mikro inasikiaka mudomo. Simama nyuma." Mama yule aliondoka na hakurudi, na viti vyake vikaondoka naye. Alimfukuza mwanaume mzima kwa kuchelewa sehemu ya pumzi moja. Mimi mwenyewe aliniweka miaka mitatu pembeni ya mlango, akisema sauti yangu iko kama meza, inafaa kuwekewa vitu.

Na mtu huyo huyo, mwimbaji wake akilazwa, alikwenda hospitali na kukaa chini kando ya kitanda kutwa nzima, akimfundisha mgonjwa sehemu yake kwa kunong'ona, ili akitoka asiwe amebaki nyuma. Hakuleta ndizi wala sukari. Alileta wimbo tu. Wagonjwa wengine walimwona kichaa.

Mwaka ule lava ilipopita katikati ya mji, mara ya kwanza, watu walibeba magodoro, sufuria, mbuzi. Yeye alibeba sanduku la kaseti kichwani na kaske shingoni. Mkewe, Mama Maestro, alituhadithia jambo hilo kila sikukuu, mwenyewe akiwa ameketi palepale: "Moto iko nyuma yetu, batoto banalia, mie niko na sufuria na mimba ya miezi saba. Bwana yangu anageuka, anauliza, 'Nani amebeba waya?'"

"Na nani alibeba waya?" tulimwuliza.

"Mie!" alisema Mama Maestro, na Maestro alikuwa anacheka hadi machozi.

Tabia yake moja niliielewa nimeshachelewa. Kila alipomaliza kuchanganya wimbo, hakuuamini hadi aupeleke kwa kinyozi. Kinyozi huyo alikuwa na kibanda njia ya kwenda ziwani, na redio ya zamani yenye spika moja, inayopokea waya mmoja tu, ule wa kushoto. Maestro aliketi kwenye benchi la wateja, akachomeka simu yake, akasikiliza huku vichwa vya watu vinanyolewa. Kisha alirudi nyumbani, akarekebisha, akaenda tena. Alisema wimbo unaosimama kwa kinyozi unasimama popote. Tulidhani ni unyenyekevu, kwamba anataka kusikia kama watu wa chini wanavyosikia.

Halafu kulikuwa na sikio. Katika uasi mmojawapo, sisemi upi kwa maana maasi yote yaliingia kwa barabara zilezile, bomu lilianguka nyuma ya ukuta wa jirani yake. Jirani alikufa. Maestro alisema sikio lake la kushoto lilipiga kengele siku tatu, kisha likapona. Tulimwamini. Baada ya miaka alianza kulalamika juu ya kaske. Huyu, aliyesaka kaske moja mwezi mzima, sasa alirudisha tatu mfululizo. Kila moja, alisema, upande wa kushoto ni dhaifu. "Siku hizi banatengeneza upande moja tu," alilalamika. Mfanyabiashara mmoja wa Birere aliivaa mwenyewe mbele yetu, akasikiliza, akaniangalia mimi badala ya kumwangalia yeye. Kisha akasema kwa upole, jambo ambalo wale watu hawakuwa nalo: "Ni kweli, muzee. Nitakubadilishia."

Mimi nilijua kwa njia nyingine. Mito ya kaske, ile pete laini inayogusa sikio, inakula jasho. Ngozi yake inapasuka na kupukutika vipande vyeusi vinavyobaki masikioni. Ikifika hapo aliniletea. Nilikata sponji, nikaivisha kitambaa cha mahameli, nikashona kwa mkono, uzi wa ndani, ili mshono usimkwaruze. Miaka mingi mito miwili ilichakaa pamoja. Kisha ikaja mara ambayo mto wa kulia ulikuwa umelika hadi sponji inaonekana, umelazwa na kiganja cha mtu anayeibana kaske sikioni. Wa kushoto ulikuwa kama nilivyoushona. Mahameli yalikuwa bado yamesimama. Niliuweka mto huo juu ya cherehani nikautazama muda mrefu. Nguo haimfichi mtu kwa fundi wake: bega lililoshuka, mguu mfupi, mimba ambayo haijatangazwa. Nilijua kwamba mtu huyu hana sikio la kushoto.

Nilishona mito yote miwili mipya ili ifanane. Nilimrudishia, akasema, "Aksanti, Papa Aline," nami nikasema, "Karibu, Maestro."

Mlima ulipopasuka mara ya pili, lava haikufika kwetu. Ilishuka upande wa Munigi na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Tulikimbilia Sake na kurudi baada ya siku kadhaa, ardhi bado ikitetemeka kila saa. Nyumba zetu zilikuwa zimesimama. Kinyozi alikuwa amehamisha kibanda chake Munigi miezi michache kabla, akifuata wateja. Lava ililala juu ya kibanda, viti, kioo na redio. Mwenyewe alienda Uganda kwa kaka yake na hatukumwona tena. Nakumbuka tulisema, afadhali ni redio tu iliyoungua.

Ni baada ya hapo ndipo Maestro alipotunga wimbo wa watu wanaorudi nyumbani. Kiongozi anaita majina ya mitaa, mmoja mmoja, kama mama anayeita watoto jioni, na kwaya inaitika: "Tumesikia, tunakuja." Wote tulidhani atampa mwimbaji wetu wa kawaida, dada mwenye sauti kubwa, ambaye mpiga kinanda alikuwa anamchumbia. Maestro alipita mstari mzima akasimama mbele ya mke wangu.

"Weye, Mama Aline. Utaita."

"Mie?" Espérance aliangalia nyuma yake. "Maestro, mie sauti yangu iko kidogo."

"Mutu mwenye kuita mutoto wake hapigake makelele. Utaita."

Nilimjua mke wangu miaka kumi na tisa. Sikuwahi kumwona akitembea kama alivyotembea jioni hiyo. Alipika akiita mitaa: Birere, Mabanga, Munigi, Keshero. Aline, binti yetu, aliitika kutoka chumbani, "Tumesikia, tunakuja," na wote wawili walicheka.

Mpiga kinanda alianza kusema pembeni kwamba Maestro amezeeka, kwamba kwaya ipeleke kazi zake katika studio ya mjini, na kule wimbo uimbwe na mwenye sauti. Nilijua kwamba nikitamka neno moja juu ya sikio, Maestro ataondolewa na mke wangu atarudi mstari wa nyuma. Sikunyamaza kwa heshima. Ningependa kuandika kwamba ilikuwa heshima.

Walirekodi siku mbili. Maestro alimvisha Espérance kaske iliyoziba, na kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kidogo, aliweka kitambaa chini ya upinde. Alimrudisha mara nyingi, bila kumtukana hata mara moja. Alituambia anahifadhi kila sauti peke yake ndani ya kompyuta, kila moja katika chumba chake, na kwamba siku moja atanisikilizisha mke wangu peke yake, bila ngoma wala kwaya. "Utamusikia hata namna anavuta pumzi mbele ya kusema Keshero," aliniambia.

Alipomaliza kuchanganya, aliniita. Alitoa kaske yake yenye matundu kwenye msumari, ile asiyomgusisha mtu, akanivisha mwenyewe. Ngoma zilianza pande zote. Kisha mke wangu akaita Birere, na sauti yake ikaja katika sikio langu la kulia. La kulia tu. Kushoto kulikuwa na ngoma, kinanda, na kwaya ikingoja. Alikuwa amemsogeza kidogo kidogo, nadhani bila kujua, kuelekea upande ambao yeye mwenyewe aliweza kumsikia, hadi akamweka kabisa upande huo. Nilivaa hadi mwisho. Nilipoivua, alikuwa ananitazama kama mtoto aliyeleta karatasi ya mtihani.

"Iko namna gani?"

"Iko muzuri, Maestro."

Kwenye simu ulisikika vizuri, kwa sababu simu inamwaga pande zote mbili katika tundu moja. Watu waliupenda. Espérance aliposikia simu ya mpita njia ikimwimba, alijifunika uso kwa kitenge.

Mwaka uliofuata presha ilimwangusha sokoni asubuhi. Saa kumi alikuwa amekwisha kufa.

Kwaya yetu ina desturi. Mwanakwaya akifa, jeneza linapoingia uwanjani kwake kwaya haiimbi. Watu wananyamaza, na inawekwa sauti ya marehemu mwenyewe, wimbo aliorekodi. Kwenye kiitikio cha mwisho ndipo walio hai wanaungana naye. Tunasema amejiaga mwenyewe. Asiye na wimbo anaagwa na wengine, na si aibu, lakini mwenye wimbo anajiaga mwenyewe.

Maestro hakuwepo. Alikuwa ameenda Minova kwa maziko ya shemeji yake, vita vikakata barabara ya Sake, na hakupata nafasi katika mtumbwi. Alinipigia simu akilia. Akasema, "Muweke wimbo. Muweke kwa sauti ya kutosha."

Tulikodi bafle moja, kubwa, kama kila kilio cha mtaani. Waya wa bafle za kukodi una mikia miwili, mmoja mwekundu wa kulia na mmoja mweupe wa kushoto, na mashine zao mara nyingi zina tundu moja tu linalofanya kazi. Mwenye bafle alichomeka mweupe, akaacha mwekundu unaning'inia. Ndivyo anavyofanya siku zote.

Jeneza likaingia. Watu wakanyamaza. Ngoma zikaanza, kinanda kikaingia, kisha ikaja nafasi ya mke wangu kuita Birere. Hakuna aliyeita. Ngoma zilitembea peke yao. Halafu kwaya nzima ikaitika kwa nguvu: "Tumesikia, tunakuja." Kimya tena, mahali pa Mabanga. "Tumesikia, tunakuja." Watu walianza kutazamana. Bibi mmoja chini ya turubai alijikuna shingo na kuangalia angani. Aline alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu.

"Papa," alisema, "mama iko wapi mu wimbo?"

Ulikuwa wimbo wa dakika tano na nusu. Ulipigwa wote, kwa sababu desturi haikatizwi. Kwenye kiitikio cha mwisho walio hai walitakiwa kuungana na marehemu, wakasimama midomo wazi, hawakujua wanaungana na nani. Mpiga kinanda alianza peke yake, na ninamshukuru kwa hilo hadi leo.

Baadaye tulipatana kusema kosa lilikuwa la mwenye bafle. Maestro aliporudi kutoka Minova alikuja moja kwa moja kwangu, viatu vyake bado vina matope ya bandarini. Alikaa chini, si kwenye kiti.

"Alijiaga vizuri?"

"Vizuri, Maestro."

"Batu walisikia?"

"Walisikia."

Nilimdanganya mara ya pili. Na kwa kuwa nilimdanganya, sikuweza tena kumwomba nisikilize sauti ya Espérance peke yake, ile iliyo katika chumba chake ndani ya kompyuta. Niliogopa kwamba nikiisikia mbele yake nitasema yote. Nilijiambia, baada ya misa ya mwaka. Misa ikapita. Nilijiambia, baada ya Pasaka. Siku moja aliniletea kaske yenye matundu, mito imechakaa tena, wa kulia umelika na wa kushoto mpya. Nikajiambia, nikimrudishia hii ndipo nitakapoomba.

Kaske ilikuwa bado kwenye kikapu changu cha vitambaa waasi walipoingia mjini. Sitaandika juu ya siku zile. Kila mtu wa Goma anazo zake. Maji yalikatika, umeme ukakatika, tulilala sakafuni chini ya madirisha. Waporaji walipita nyumba kwa nyumba, wengine wana bunduki na wengine ni watu tunaowajua. Kwa Maestro walichukua kompyuta, kinanda, mikro, kaske iliyoziba, na hata magodoro ya ukutani. Trei za mayai waliziacha. Kwangu walichukua cherehani moja wakaacha nyingine, na kikapu walikipiga teke kikamwagika. Hawakuona thamani ya kaske isiyo na mito.

Niliishona kwa siku mbili, ingawa ni kazi ya saa moja. Kisha nikaenda kumtafuta. Alikuwa amehamia kwa dada yake, njia ya Munigi, nyumba ndogo ya turubai na mbao juu ya lava ileile iliyomfunika kinyozi. Ilikuwa mchana, jua kali, mawe yanachoma kupitia viatu. Mama Maestro alinipokea mlangoni na kunishika bega.

"Ukae kuume kwake, Papa Aline. Siku hizi kushoto hajibu."

Kwa hiyo naye alijua. Sikuwahi kujiuliza kama naye alijua.

Maestro alikuwa amekonda. Nilipompa kaske aliigeuza mikononi, akapapasa mahameli kwa kidole gumba, akainusa.

"Hii njo imebaki."

"Njo hiyo, Maestro," nilikubali.

"Na batu bako mu kompyuta, bote wameenda. Mama Aline naye. Nilikuwa nimekuahidi. Haukuniuliza."

"Sikuuliza."

"Ju ya nini?"

Nilitoa simu yangu. Ndani yake kuna ule wimbo. Nilichomeka waya. Alishika kaske aivae kama kawaida, nikamzuia mkono, jambo ambalo katika miaka yote hiyo sikuwahi kulifanya.

"Geuza, Maestro. Ya kushoto uiweke kulia."

Alinitazama. Mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote hakuhitaji kuelezwa zaidi. Nadhani alielewa hapohapo, kabla ya wimbo. Hata hivyo aligeuza, akavaa, nikabonyeza.

Nilimwona akingoja Birere. Nilimwona akingoja Mabanga. Mkono wake wa kulia ulipanda, kama ulivyopanda kila mara kumpa mwimbaji nafasi ya kuingia, ukabaki juu. Kutoka kwenye matundu nilisikia kwaya, kidogo kama mbu: tumesikia, tunakuja. Mkono ulikaa juu hadi Keshero. Kisha akaushusha gotini. Alisikiliza hadi mwisho, dakika zote tano na nusu, kama tulivyosikiliza sisi.

"Kwa kilio mulisikia hii?"

"Njo hii."

"Yote?"

"Yote, Maestro."

Alivua kaske, akaishika kwa mikono miwili. Mama Maestro alikuwa ametoka nje, tulimsikia akipanga mawe.

"Siku ile nilikuvisha," alisema. "Weye uko na masikio mawili. Ulisema nini?"

"Nilisema iko muzuri."

"Na sikio langu, ulijua?"

"Nilijua mbele ya siku ile. Mito ya kaske iliniambia."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, kwa ule ulimi aliokuwa nao mbele ya watu wote, aniite meza. Aliangalia nje, kwenye yale mawe meusi, kisha akasema, si kwangu hasa: "Ile redio ya kinyozi." Ndipo nilipoelewa kwamba redio ile ya waya mmoja ndiyo iliyokuwa sikio lake la kushoto.

Nilisimama. Nilimwachia kaske na ile simu, nikamwambia Aline atakuja kuichukua simu Jumapili, na hilo alilisikia kwa sababu nilikuwa kuume kwake. Nilipokuwa nimefika barabarani niligeuka. Kupitia mlango nilimwona ameinama juu ya simu, akitafuta mahali pa kubonyeza, kisha akainua kaske kichwani.

Sikubaki kuona ameivaa upande gani.